Kadi ya klabu, mfuko wa depo ao meka: wapi pesa ya posho inadumu?

Familia nyingi za Lubumbashi zina mtu ng'ambo, na mtu huyo siku moja hutuma picha akiwa dukani: toroli limejaa mchele wa uzito wa pauni 50, madumu ya mafuta, mayai ya wiki tatu, na juu kabisa kuku wa kuchomwa. Halafu anaeleza kwamba duka hilo huingii bila kadi, na kadi inalipiwa kila mwaka. Hapo mazungumzo yanaanza. Kulipa ili uruhusiwe kununua, hiyo ni akili gani?

Akili ipo, ila haiko pale watu wengi wanapoitafuta. Nitalinganisha kadi hiyo na njia tatu tulizo nazo huku: mfuko mzima wa bunga (unga) kutoka depo, yaani duka la jumla, mfuko wa kugawana, na meka kwa meka sokoni, meka ikiwa kopo la kupimia. Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aende zake. Aliye Marekani mwenye watoto, gari na nafasi ya kuweka vitu achukue kadi ya bei ya chini. Aliye Lubumbashi mwenye mshahara wa mwezi atafute watu wawili wagawane naye mfuko. Anayeishi kwa pesa ya siku asione haya na meka yake, kwa sababu wakati mwingine ndiyo inayomfaa kuliko depo.

Kadi ya Wamarekani

Jambo hili lilianza mwaka 1976 kule San Diego, pale Sol Price alipofungua Price Club ndani ya jengo lililokuwa hanga la ndege. Mwanzoni hakulifungulia mama wa nyumbani. Alilifungulia mwenye mgahawa na mwenye duka la mtaa, kwa ada ya dola 25 kwa mwaka. Kwa maneno mengine lilikuwa depo, sawa na zile ambako mama wa alimentasio (duka la vyakula) anapita asubuhi kuchukua mali, isipokuwa hapa hakuna anayedai kadi mlangoni. Mwaka 1983 Costco ikafungua duka lake la kwanza Seattle, na mwaka huohuo Sam Walton wa Walmart akaanzisha Sam's Club kule Oklahoma. Costco na Price Club ziliungana mwaka 1993.

Duka kama Costco linajiwekea mpaka: juu ya bei ya kununulia linaongeza asilimia 14 ao 15, halipiti hapo. Linauza aina za bidhaa zisizozidi kama 4,000, wakati supamaketi ya kawaida kule ina makumi ya maelfu. Bidhaa zinabaki juu ya mbao zilezile zilizoletwa nazo na lori. Na ada ndiyo inayolishibisha: katika mwaka wa hesabu wa 2024 Costco ilikusanya dola bilioni 4.8 za kadi peke yake, kiasi cha kama nusu ya faida yake ya uendeshaji. Kwa hiyo bei ya chini ni ya kweli. Anayelipa kadi halafu haendi, huyo ndiye anayewalipia wenzake.

Tuje kwenye hesabu. Tangu tarehe 1 Septemba 2024, kadi ya kawaida ya Costco ni dola 65 kwa mwaka, na ile ya juu ni 130. Sam's Club walipandisha zao mwaka 2022 hadi 50 na 110. Tukibaki na Costco: ikiwa vitu unavyonunua pale vina nafuu ya asilimia 10 kuliko pale ulipozoea kununua, unahitaji kuchukua vitu ambavyo kwingine vingekugharimu dola 650 kwa mwaka ndipo kadi ijilipe. Hiyo haifiki dola 55 kwa mwezi. Familia yenye watoto wanaovaa nepi inafika hapo bila kuangalia nyuma.

Kadi ya juu inarudisha asilimia 2 ya matumizi, mwisho dola 1,250 kwa mwaka. Imeizidi ya chini kwa dola 65, na ili asilimia 2 zifikie 65 lazima utumie 3,250 kwa mwaka, yaani kama 271 kila mwezi. Chini ya hapo umewapa zawadi. Muuzaji wa pale mlangoni atakusukuma uchukue hiyo ya juu, ndiyo kazi yake. Mwambie utafikiri.

Lakini hiyo asilimia 10 inategemea unalinganisha na duka gani. Ndugu anayenunua Aldi, ambako hakuna kadi, ao Walmart ya kawaida, tofauti yake itakuwa ndogo zaidi. Na kuna jambo ambalo hesabu za Wamarekani hazilitaji: nusu ya chakula chetu hakimo katika maduka hayo. Bunga nyeupe ya mahindi ya kupikia bukari (ugali), bunga ya muhogo, sombe (kisamvu), samaki wakavu, mafuta ya ngazi (mawese), hayo yote Mkongomani anayafuata duka la Waafrika, kwa bei ya Waafrika. Kwa hiyo ndugu anapopiga hesabu ya kadi asiweke posho nzima. Aweke mchele, mafuta ya kukaangia, kuku, mayai, maziwa, sabuni, nepi, na petroli ikiwa kituo chao kiko njiani. Akimaliza aone kama zile 55 kwa mwezi bado zinatoka.

Mambo mawili yanampunguzia hatari. Kadi moja inakuja na ya pili bure kwa mtu mzima anayekaa anwani hiyohiyo. Na Costco inarudisha ada yote ukiwaambia hujaridhika. Kumkopesha binamu wa mji mwingine kadi, hapana: siku hizi kadi inasomwa kwa mashine mlangoni na picha yako imo. Ila mwenye kadi anaruhusiwa kuingia na wageni wawili, yeye ndiye alipe. Wakirudi nyumbani wanagawana mchele, na hapo wamefanya kama tunavyofanya sisi mtaani Katuba, hapa Lubumbashi.

Kinachoangusha watu wengi ni safari yenyewe. Kuku yule wa dola 4.99 amewekwa nyuma kabisa, na ili umfikie unapita televisheni, mahema, majaketi na biskuti za kilo mbili. Soseji ndani ya mkate pamoja na kinywaji imebaki dola 1.50 tangu miaka ya 1980, na si kwa huruma. Mtu aliyekwenda kupata nafuu ya dola 12 akirudi na jaketi la 40, kadi haina kosa.

Depo na meka

Costco haina duka hata moja Afrika, na sidhani tunaikosa sana. Mfuko wa jumla si jambo geni katika mji huu. Wazee waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, wanaukumbuka mfuko wa bunga uliokuwa sehemu ya malipo yao, na neno posho lenyewe lilikuwepo mapema zaidi, wakati wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia. Tofauti ni kwamba wakati ule mfuko ulikuja wenyewe. Sasa tunaufuata.

Tuseme mfuko wa kilo 25 depo ni franka 40,000. Namba hizi ni za mfano tu, weka za wiki hii. Kilo moja inakuwa 1,600. Sokoni meka inauzwa 4,200, na ukiipima nyumbani inatoa kilo mbili na robo. Kilo moja ya meka ni karibu 1,870. Tofauti ni 270 kwa kilo, kama 6,700 kwa mfuko mzima. Toa 2,000 za pusupusu (mkokoteni), inabaki 4,700, yaani sehemu moja ya kumi. Ile nafuu ambayo ndugu wa Marekani anailipia dola 65, hapa depo inakupa bila kadi.

Lakini nani ana meka ya kilo mbili na robo kamili? Mtazame mama anayeuza bunga pale soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Anachota kwa kopo dogo, anamimina ndani ya meka kutoka juu kidogo ili bunga iingie na hewa. Haitikisi. Anapanga kilima kwa kiganja, kilima kinasimama vizuri, kinapendeza machoni. Ukiomba aitikise, kilima kinazama hadi ukingoni na yeye anakutazama kama umemtukana. Kisha inakuja matabisi, nyongeza ya bure: konzi moja, ao mbili kama anakujua. Na kuna meka ambayo chini yake imegongwa ikaingia ndani, sehemu ambayo jicho la mnunuzi halifiki kwa sababu bunga imeifunika.

Ndiyo maana nasema usilinganishe bei ya mfuko na bei ya meka. Linganisha kilo. Nunua meka moja pale unaponunua siku zote, ipeleke kwa mtu mwenye mizani, andika. Ukipata kwamba mama wako, pamoja na matabisi yake, anakupa kilo mbili na gramu 400, kilo yake imeshuka hadi 1,750. Nafuu ya mfuko inabaki 3,750, na ukitoa pusupusu ni 1,750. Kwa pesa hiyo mtu anaweza kuamua kwamba hakuna haja ya kuvunjika mgongo. Ukipata kilo mbili kasoro, kimbilia depo kesho asubuhi.

Kuna kingine ambacho mama wa meka anakupa na depo haikupi: deni. Mtoto akiugua tarehe 20 na mshahara haujaingia, mwenye depo hakujui hata jina. Mama wa meka anakuandika kwenye daftari na watoto wanakula. Watu wenye mishahara mizuri huwa wanalisahau hili wanapowacheka wanaonunua kidogo kidogo. Anayehamia depo moja kwa moja, kisha anarudi kwa mama siku ya shida tu, atakuta daftari limefungwa. Wenye busara wananunua mfuko depo na bado wanapita kwa mama kuchukua karanga, nyanya na samaki wakavu.

Upande wa pili, mfuko unakulinda na kupanda kwa bei. Lubumbashi inakula mahindi mengi yanayotoka Zambia, na njia yake kubwa ni mpaka wa Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia hadi serikali yake ikatangaza janga la taifa mwezi wa pili, na mwezi wa nane ikafunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya mvutano wa biashara. Siku kama hizo meka haisubiri lori lichelewe, inapanda asubuhi hiyohiyo. Mwenye nusu mfuko jikoni anasikia habari hizo redioni akiwa ameketi.

Kwa hiyo kipindi cha kununua ni muhimu kuliko mahali. Mahindi ya huku na ya Zambia yanavunwa kuanzia mwezi wa nne, na kati ya wa tano na wa saba bei hulegea. Kuanzia Desemba hadi Machi, akiba zikiisha na mashamba bado mabichi, bei hupanda. Atakayenunua mifuko miwili mwezi wa sita amefanya zaidi ya yule anayefukuzia depo ya bei ya chini mwezi wa pili.

Usijaze nyumba, hata hivyo. Bunga iliyosagwa nzima kwenye kinu cha mtaa ina mafuta ya kiini cha punje ndani yake, na baada ya wiki kadhaa inachacha na kuwa na uchungu. Ile nyeupe ya kiwandani, iliyoondolewa kiini, inavumilia miezi kama imekaa pakavu. Anayetaka akiba ya muda mrefu aweke mahindi ya punje na asage kidogo kidogo. Punje nazo zina fukusi wake. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inawamaliza bila dawa, ukiipata na ukiifunga vizuri. Mfuko wowote usiuweke moja kwa moja juu ya sakafu ya sima (saruji), hasa kati ya Novemba na Aprili: mvua haihitaji kuingia ndani, unyevu unapanda kutoka chini. Mbao mbili zinatosha.

Na mkono. Bunga ikiwa nyingi, bukari inakuwa kubwa, jirani anaomba kopo moja, mgeni anaongezewa. Nyumba yenye mfuko inakula kuliko nyumba yenye meka, na mama yeyote wa lupangu (uwanja wa nyumba) atakuambia hivyo. Dawa ni ya zamani: toa bunga ya wiki, weka kwenye ndoo yenye kifuniko, funga mfuko, ufunguo ukae kwako.

Kugawana

Njia hii ndiyo naipendelea. Wamama watatu wa lupangu moja, ao wa kwaya moja, wanaweka pesa pamoja tarehe ya mshahara, mmoja anakwenda depo, pusupusu inalipwa mara moja. Kila mmoja anapata kilo nane na kidogo, hakuna anayefunga pesa nyingi, na bei ni ya mfuko. Anayepata pesa kila siku anaweza kuingia pia, akitoa 1,000 ao 1,500 kila jioni kwa mtunza pesa, mfano wa likelemba (mchezo wa kupeana pesa kwa zamu), isipokuwa zamu yake inatoka kwa chakula.

Siku ya kugawana yenyewe inataka utaratibu. Mfuko unafunguliwa mbele ya wote, juu ya kitenge kisafi ili kinachomwagika kisipotee. Meka ni moja, mshikaji ni mmoja, na kila meka inakatwa ukingoni kwa kisu, hakuna kilima. Mabaki ya mwisho, yale yasiyojaza meka, yanagawanywa kwa kikombe. Mfuko mtupu nao una thamani, unabeba makala, kwa hiyo semeni tangu mwanzo unakwenda kwa nani, zamu kwa zamu. Vikundi vinavyovunjika mara nyingi vinavunjika kwa sababu ya mtu anayesema "pesa nitaleta kesho" wakati mfuko umeshafika. Kanuni iwe kavu: ambaye hajaweka hayumo, hata kama ni yaya (ndugu mkubwa) wa mtunza pesa.

| Njia | Unatoa nini mwanzo | Nafuu inatoka wapi | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Kadi ya klabu (Marekani) | Ada ya mwaka, gari, nafasi | Faida ndogo ya duka | Familia kubwa yenye orodha |
| Mfuko wa depo | Pesa ya mfuko mzima na usafiri | Bei ya kilo, kinga ya bei kupanda | Nyumba ya watu sita na zaidi |
| Mfuko wa kugawana | Sehemu yako, kabla ya siku | Bei ya kilo, usafiri mmoja | Wenye mshahara, majirani wanaoaminiana |
| Meka | Pesa ya leo tu | Matabisi na deni | Pesa ya siku, chumba kimoja |

Vitu vingine, haraka

Mafuta ya ngazi: dumu la lita 20 linalipa ukigawana, lakini lijaribu kabla ya kulipa, nusa na onja. Mwezi wa sita na wa saba, usiku ukiwa baridi, yanaganda. Yayeyushe kwanza ndipo mgawane, la sivyo wa kwanza anapata maji ya juu na wa mwisho anapata uji.

Sabuni ya mche: chukua katoni bila kufikiri sana. Kadiri inavyokauka inazidi kuwa ngumu na inadumu zaidi kwenye maji.

Sukari: hapana. Sijaona nyumba yenye watoto ambako kilo tano zinakaa muda wa kilo tano. Chumvi: nafuu yake haifiki hata nauli.

Samaki wa baridi kwa katoni: ikiwa tu mnagawana mchana huohuo. Umeme ukikatika siku mbili, friza ni sanduku tu, na hasara yake inakula nafuu ya miezi. Anayetaka akiba ya samaki anunue wakavu.

Makala: gunia kabla ya mvua. Ikianza kunyesha barabara za porini zinaharibika, baiskeli za makala zinapungua, na mbabula (jiko la makala) inawaka kwa makala mabichi yanayotoa moshi. Angalia chini ya gunia, si mdomoni tu, maana vipande vikubwa hupangwa juu.

Kadi za pointi za alimentasio kubwa za mjini, zile za bure, chukua kama utanunua pale kwa vyovyote. Usivuke mji kwa ajili ya pointi.

Kwa ndugu aliye ng'ambo

Ndugu anayetuma pesa kila mwezi anaweza kufanya kitu ambacho kadi yake haifanyi. Kutuma mara moja kiasi kikubwa mara nyingi kuna ada ndogo kuliko kutuma mara tatu vidogo. Basi mwezi wa tano ao wa sita aunganishe pesa ya miezi miwili, na aseme wazi kwamba ni ya mahindi, kabla haijaitwa ada ya shule ao msiba. Ila ampigie mama kwanza amuulize kama kuna chumba kikavu, nani atasimamia kusaga, na majirani wangapi wataingia kwenye mgao. Kama chumba hakipo, aendelee kutuma kidogo kidogo kama alivyozoea, na mama aendelee na meka.